Nani Kasema Linux Haiingii Intaneti?

Kuna uongo mmoja umezeeka, umeota mvi, na bado unatembea mitaani kama kijana. Unasema hivi: "Linux ni nzuri, ila haiingii intaneti." Utausikia kwa mafundi wa kompyuta Kariakoo, utausikia maofisini, utausikia hata kwa watu waliosomea kompyuta chuo kikuu wakavaa na joho. Ukimwuliza msemaji ushahidi uko wapi, anakujibu kwamba kila mtu anajua. Kila mtu! Mimi ni mwandishi wa gazeti, na jambo moja nililojifunza kwenye kazi hii ni kwamba ukisikia "kila mtu anajua" basi ujue hapo hakuna aliyekwenda kuuliza.

Haya, leo tuulize. Na tuanzie pale uongo huu ulipozaliwa, yaani zama za intaneti ya kupiga simu, dayalapu, miaka ya 1990 na 2000. Najua kuna watakaocheka. Dayalapu, leo hii? Ndiyo, dayalapu. AOL ya Marekani, iliyowaingiza mamilioni ya watu mtandaoni kwa njia hiyo, iliifunga huduma yenyewe tarehe 30 Septemba 2025. Kaburi lake bado bichi. Ila ugonjwa aliokuwa nao marehemu umehamia kwenye laptop yako, na ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe lilivyokuwa. Waya wa simu ya mezani ulitengenezwa kubeba sauti ya binadamu. Kompyuta haina sauti, ina sifuri na moja. Modemu ni mkalimani kati yao: inageuza sifuri na moja kuwa milio, milio inasafiri kwenye waya, modemu ya upande wa pili inaigeuza tena kuwa sifuri na moja. Ule ukelele wa kriii-kraaa waliousikia wakubwa zetu kabla ya kuingia mtandaoni ulikuwa ni modemu mbili zinasalimiana na kupatana mwendo. Mwendo wa juu kabisa kwenye makaratasi ulikuwa biti 56,000 kwa sekunde, kwa kiwango cha V.90 cha mwaka 1998. Kwenye waya halisi, ukipata 40,000 unamshukuru Mungu.

Modemu inaamrishwaje? Kwa lugha iliyoanza na kampuni ya Hayes ya Marekani kwenye modemu yake ya mwaka 1981. Amri zake zinaanza na herufi AT. Ukiandika ATDT halafu namba ya simu, umeiambia "piga namba hii." ATH ni "kata simu." ATZ ni "anza upya." Lugha hii haikuwa siri ya mtu. Watengenezaji wengine waliiiga, ikawa lugha ya modemu zote. Windows iliijua, Macintosh iliijua, Linux iliijua. Ukiwa na modemu ya kweli, ile yenye boksi lake na taa zake zinazowaka, unaichomeka kwenye tundu nyuma ya kompyuta. Windows inaliita tundu hilo COM1, Linux inaliita /dev/ttyS0. Majina tofauti, tundu ni lile lile.

Simu ikishapokelewa, zinabaki taratibu za kuelewana na kampuni ya intaneti. Hizo nazo hazikuwa za siri. Utaratibu unaitwa PPP, na maelezo yake yamechapishwa wazi tangu mwaka 1994 kwenye waraka namba 1661 wa wahandisi wa intaneti, usome wewe, nisome mimi, asome na mpinzani wako. Unatoa jina na neno la siri, seva inakupa anwani yako, inakuonyesha na seva ya kutafsiri majina ya tovuti. Umeshaingia.

Kwenye Linux kulikuwa na kiprogramu kinaitwa wvdial. Unaendesha kwanza wvdialconf, kinazunguka chenyewe kwenye matundu ya kompyuta kutafuta modemu, kikiipata kinaandika faili la mipangilio. Wewe kazi yako ni kujaza mistari mitatu: namba ya simu, jina lako, neno la siri. Kisha unaandika wvdial, unasubiri ukelele. Wasiopenda kuandika amri walikuwa na KPPP, dirisha la kubofya kama madirisha mengine yote.

Mistari mitatu, jamani! Sasa huo ugumu uko wapi? Uongo wetu ulipata wapi miguu?

Uliipata kwenye pupa ya kupunguza senti chache.

Modemu ya kweli ina akili yake ndani. Ina chipu inayoelewa zile amri za AT, na chipu nyingine inayofanya hesabu nzito za kugeuza namba kuwa milio na milio kuwa namba. Chipu hizo ni gharama. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji wakapata wazo: kwa nini tusizitoe, hesabu hizo zikafanywa na prosesa ya kompyuta ya mteja? Wakatoa. Kilichobaki kwenye kadi ni kipande cha kuunganishia waya wa simu na vitu vichache vya kupitisha sauti. Modemu yenyewe, yaani ile kazi ya modemu, ikawa ni programu ndani ya CD. Na programu hiyo iliandikwa kwa Windows tu. Watu wakaziita "winmodem", jina ambalo U.S. Robotics walikuwa wamelisajili kama alama yao ya biashara, na likawa jina la ukoo mzima.

Unaona mchezo? Mteja alinunua boksi limeandikwa "modemu", akafika nyumbani na nusu ya modemu. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya Windows. Akiondoa Windows, ameondoa na modemu. Akiuliza nusu ile ifanyeje kazi kwenye mfumo mwingine, hajibiwi, maana maelezo ya namna ya kuongea na kadi hiyo yalifichwa. Halafu fundi anakuja, anaweka Linux, anaona modemu haionekani, anatoa hukumu: Linux haiingii intaneti. Mshitakiwa amefungwa, mwizi yuko nje anauza kadi nyingine.

Na usidhani mwenye Windows alipona. Prosesa yake ndiyo iliyobebeshwa mzigo wa kupiga hesabu za milio, kwa hiyo kompyuta dhaifu ikawa inakokota miguu akiwa mtandaoni. Na mfumo ulipobadilika, kama wakati wa Vista mwaka 2007, vifaa chungu nzima vilibaki vyuma kwa sababu kampuni hazikuona faida ya kuandika draiva mpya kwa kitu kilichokwisha kuuzwa. Kifaa kizima, hakina ufa, hakijaungua, kinatupwa jalalani kwa sababu mwenye siri amechoka kuitunza siri yake.

Watu wa Linux walifanya nini? Hapa niwape haki yao. Watu wa kujitolea walikusanyika kwenye tovuti ya linmodems.org, wakatengeneza kiprogramu cha kuchungulia kadi yako na kukwambia chipu yake ni ya nani: Lucent, Conexant, Smart Link, Intel. Baadhi zikapatiwa draiva, zikafanya kazi vizuri tu. Nyingine zilibaki kwenye mikono ya wafanyabiashara. Kwa chipu za Conexant, kampuni ya Linuxant ilitoa draiva ya bure iliyofungwa kwenye mwendo wa biti 14,400. Ukitaka mwendo kamili, lipa. Yaani umenunua modemu ya 56,000, kisha unalipia ruhusa ya modemu uliyokwisha kuinunua.

Na kuna kisa cha Aprili 2004 ambacho kila mwenye kusema "makampuni yanajua yanachofanya" anapaswa kukisikia. Kiini cha Linux huuliza kila draiva inayoingia: leseni yako ni ipi? Lengo ni kujua kama imo programu ya siri ndani, ili mambo yakiharibika wahandisi wasipoteze muda kutafuta kosa mahali wasipoweza kuona. Draiva ya Linuxant ilijibu "GPL", leseni huria, halafu ikaweka alama moja isiyoonekana ambayo kwa kompyuta ni nukta ya mwisho wa sentensi, halafu baada ya alama hiyo ndiyo yakafuata maneno yanayopunguza ule ukweli. Kompyuta ilisoma mpaka kwenye alama ikaishia hapo, ikaridhika. Ilibidi mtu aichungulie draiva hiyo kwa jicho lake ndipo ikagundulika. Waliojitetea walisema walitaka tu kuondoa maonyo yanayowachanganya wateja. Sawa. Lakini kama njia ya kumwondolea mteja wasiwasi ni kuidanganya mashine yake, basi tuna kamusi tofauti.

Sasa nigeukie upande wangu, maana sitaki kuonekana mwanasiasa anayeona boriti kwenye jicho la jirani tu. Wapenzi wa Linux nao wana lao. Mgeni alipolia kwamba modemu haionekani, alijibiwa nini? "Pakua draiva kutoka intaneti." Eti ili upate intaneti, kwanza ingia intaneti! Huyu mtu ana kompyuta moja, yuko Singida, kafeni ni kulipia kwa muda, na draiva hiyo inataka kutengenezwa kutoka kwenye msimbo, kwa vifaa ambavyo navyo vinataka kupakuliwa. Akiuliza tena anaambiwa akasome mwongozo. Mwongozo uko wapi? Uko intaneti. Umeandikwa kwa lugha gani? Kiingereza, tena Kiingereza cha wahandisi.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya heshima kabisa, na ilionyesha kwamba lugha yetu haishindwi na kompyuta. Lakini ofisi ya Kiswahili bila mlango wa kuingilia mtandaoni ni nyumba nzuri iliyojengwa kisiwani bila mtumbwi. Tulihitaji, na bado tunahitaji, kurasa kumi za Kiswahili chepesi: kifaa hiki kinakubali, hiki hakikubali, ukikwama fanya hivi.

Tukumbuke na mzigo wenyewe. CD moja ya Ubuntu ilikuwa na megabaiti 700 hivi. Kwa waya wa biti 40,000 kwa sekunde, piga hesabu: karibu saa 39 mfululizo, simu ya nyumbani imeshikwa, mita ya gharama inazunguka, na laini ikikatika saa ya 38 shauri yako. Ndiyo maana Ubuntu walikuwa wakituma CD kwa posta duniani kote bila malipo, mpango waliousitisha mwaka 2011. Waliomjali mtumiaji wa mbali waliujua umbali wake. Waliomwambia "pakua" hawakuujua.

Kuna atakayesema: hayo yamepita, sisi tuna mkongo wa baharini tangu SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, tuna simu za mkononi, nani ana shida na modemu? Hebu ngoja.

Unazikumbuka zile modemu ndogo za USB zilizojaa madukani miaka ile, za kuweka laini ya simu ndani? Ukichomeka kwenye kompyuta, nyingi zilijitambulisha kuwa ni CD. CD! Ndani yake kuna programu ya Windows ya kujisakinisha. Ukiwa na Linux unaona CD, modemu huioni. Watu wa kujitolea wakaandika kiprogramu cha usb_modeswitch, kazi yake kukiambia kifaa "acha kujifanya CD, kuwa modemu." Na kikishakuwa modemu, unajua kinaongea lugha gani? AT! Lugha ile ile ya mwaka 1981. Unapiga namba *99#, unapita kwenye PPP, wvdial ile ile inafanya kazi. Yaani chini ya lile ganda la Windows kulikuwa na modemu ya wazi kabisa, iliyovalishwa nguo za kuazima. Na mafundi wetu wakasema tena: si mnaona, Linux haiingii intaneti.

Halafu ikaja Wi-Fi. Chipu nyingi za Broadcom zilikuwa hazina maelezo, watu wakalazimika kuzichunguza kama watu wanaosoma nyayo porini mpaka wakaandika draiva yao wenyewe. Hata hapo chipu ilitaka kulishwa kiprogramu chake cha ndani kila inapowashwa, na kiprogramu hicho hakikuruhusiwa kugawiwa pamoja na Linux. Ukipate wapi? Intaneti. Tumerudi Singida.

Watetezi wa siri wana hoja mbili. Ya kwanza, kampuni ina haki ya kulinda ubunifu wake. Sikatai. Lakini hakuna anayeomba michoro ya kiwanda. Tunaomba kujua namna ya kuongea na kitu tulichokinunua. Anayekuuzia redio akakataa kukwambia inatumia betri za aina gani, mpaka ununue kwake, halindi ubunifu, anakufuga. Hoja ya pili, mawimbi ya redio ni jambo la sheria, yakiwekwa wazi watu watavuruga. Basi jibu lilitoka kwa Broadcom wenyewe: Septemba 2010 walitoa draiva ya wazi kwa chipu zao mpya. Mbingu haikuanguka. Nvidia nao, baada ya Linus Torvalds kuwatolea kidole hadharani nchini Finland mwaka 2012, walikaa miaka kumi kisha Mei 2022 wakaanza kutoa draiva ya wazi ya kadi zao. Bado wanauza, bado matajiri. Kumbe inawezekana!

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo kompyuta nyingi nzima haziruhusiwi kuvuka. Zitakwenda wapi? Sisi tunaoishi kwenye nchi za mitumba tunajua kitu kikitupwa Ulaya kinafikia wapi. Shule zetu zitapata kompyuta hizo, ofisi za kata zitapata, na sisi waandishi ndio hasa wateja wake. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 inayoitwa taka inaweza kufanya kazi miaka mingi tena kwa Linux, bila leseni ya wizi. Lakini ikifika fundi akaiwasha, Wi-Fi ikakataa, atasema sentensi ile ile. Na mwalimu wa shule ya sekondari atabaki na Windows ya kunakili isiyopata masahihisho ya usalama, na virusi kutoka kwenye flashi za wanafunzi, kwa sababu ya uongo uliozaliwa na kadi ya modemu ya miaka ya 1990.

Hivyo ninadai, tena kwa sauti.

Kwa serikali na mashirika yanayonunua au kupokea kompyuta kwa wingi: andikeni kwenye zabuni kwamba kadi za mtandao ziwe na draiva za wazi. Sentensi moja. Muuzaji anayeitaka hela yenu ataitafuta kadi hiyo, na zipo.

Kwa mnunuzi wa kawaida: usinunue kabla ya kujaribu. Beba flashi yenye Linux ya kuendesha bila kusakinisha, iwashe dukani, angalia kama Wi-Fi inaonekana. Dakika tano. Muuzaji akikataa, jibu umelipata. Na ikiwa tayari unayo mashine yenye Wi-Fi bubu, chukua simu yako ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux inaitambua bila kuuliza draiva yoyote. Kuku na yai, tatizo limekwisha: umeingia mtandaoni, sasa chukua hicho kiprogramu cha Wi-Fi. Debian nao, tangu toleo la 12 la Juni 2023, wanaviweka viprogramu hivyo ndani ya CD ya kusakinishia, baada ya wanachama wao kupiga kura mwaka 2022. Walibishana sana, na wapo waliouona kuwa ni usaliti. Mimi nasema aliyeko Singida ndiye aliyeshinda kura hiyo.

Na kwa mafundi wetu, ndugu zangu wa Kariakoo na kwingineko: mteja akikuletea kompyuta ya Linux isiyoona mtandao, mwambie ukweli. Mwambie "chipu hii mwenyewe ameificha." Ni maneno manne tu, ila yanampeleka mteja kwenye mlango sahihi wa kugonga. Ukimwambia Linux ndiyo mbovu, umemtetea aliyemuuzia nusu kifaa, tena bure, bila hata kulipwa posho.

Nawasilisha.